Nilivyokuwa Mwamshaji wa Akaunti Zilizolala

Kitu cha kwanza cha kijinga nilichofanya katika kazi hii, kabla ya vingine nitakavyovitaja na vichache ambavyo sitavitaja, ni kubonyeza "Nakubali" chini ya maelezo marefu ya Kizungu ambayo sikuyasoma. Halafu nikageuka, nikamwambia mama yangu mzazi kwa sauti ya mtu aliyeyasoma yote: "Barua ikija, itangoja. Hata mwaka."

Nawaambia nyinyi njuka wa Kidato cha Kwanza, mlioingia juzi na masanduku yenye kufuli mpya, mnaodhani mnaijua kompyuta kwa sababu mmeiona kwenye kalenda. Mimi nimestaafu. Niko Kidato cha Nne, nina miaka kumi na saba, mgongo unaniuma kwa sababu ya kiti cha Bi Rukia, na mwalimu mkuu ameapa kwamba akinikuta tena mjini siku ya masomo nitarudi na mzazi. Kwa hivyo kazi nimeiacha. Na mtu aliyeacha kazi ana ruhusa ya kuwachosha vijana kwa mawaidha. Ketini.

Bi Rukia ana duka hapa Voi. Anapiga chapa, anatoa fotokopi, anapiga picha za kitambulisho, na ndiye mtu wa kwanza niliyemwona na kompyuta inayoongea na simu. Kwao ni watu wa pwani, waliingia Voi zamani na reli. Kiswahili chake kimekunjwa vizuri kama shuka iliyopigwa pasi. Changu kina makunyanzi ya Kidawida, lugha yetu ya Taita, na yeye hakuchoka kukinyoosha. Likizo zote nililala kwa shangazi, mtaa wa Kaloleni hapa hapa Voi, nikamfanyia Bi Rukia kazi. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya mashine akanipa sheria.

"Andika barua yako kwanza, uimalize, uisome. Ndipo upige simu. Mashine hii ikishika laini inapiga Mombasa, na Mombasa hawatusubiri bure tukitafuta herufi. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Bi Rukia."

"Na picha uzizime. Sitaki kulipia sura za watu."

Hapo alikuwa na haki. Ukiziacha picha zije, uso wa mtu ulishuka polepole kuanzia nywele, na ukifika puani laini imekatika. Nimewaona watu wengi maarufu wa dunia hadi kwenye nyusi. Sauti ya ile mashine ikipiga simu ilikuwa kama mbuzi anayevutwa mkia, kisha kama kikaango cha moto kilichotiwa maji, kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichonifundisha kuomba.

Kazi yenyewe, mkiulizwa, inaitwa kuamsha. Mtu wa vijijini Kasigau, wa Mata au wa Rukanga, anafunguliwa akaunti ya imeli ya bure, halafu anarudi kwake kulima. Hawezi kushuka Voi kila wiki kwa ajili ya kutazama kama ameandikiwa. Basi ananiachia neno lake la siri, nami naingia kwa niaba yake, nafungua barua moja bila kuisoma, natoka. Wenye kampuni huko Amerika wanaona kuna mtu. Maneno ya siri niliyaweka kichwani. Msifikiri ni kazi ngumu, kwa sababu nusu ya watu wa Taita Taveta walitumia jina la ng'ombe wao. Ugumu ni kujua ng'ombe yupi amekufa na mwenyewe amebadilisha.

Nilisoma moja tu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja, ilianza na "Mpenzi", na mimi ni binadamu. Nikaijibu. Bi Rukia alinishika sikio akanizungusha nalo duka zima, kuanzia mashine ya fotokopi hadi mlangoni, akisema, "Ufunguo wa mlango wa mtu si ruhusa ya kulala kitandani mwake!" Sikio la kushoto mpaka leo liko juu kidogo kuliko la kulia. Tazameni.

Lakini kuamsha kulikuja baadaye. Likizo ya Aprili kazi yangu ilikuwa kufungua tu. Watu walisikia kuna barua inayofika Ulaya kabla chai haijapoa, na haina stampu, wakaja. Fomu ya kampuni ilitaka mambo mengi: umezaliwa lini, unafanya kazi gani, namba ya posta ya mtaa wako ni ipi. Nani ana namba ya posta ya mtaa Rukanga? Mtaa wenyewe uko wapi? Nikaona nikiuliza kila mtu kila swali tutakesha. Basi nikawajazia mwenyewe. Wote nikawazaa siku moja, mwezi wa kwanza, mwaka wa 1901. Nilitaka Wamarekani washangae jinsi watu wa Taita wanavyoishi. Wakashangaa kweli, kwa maana wateja wa Bi Rukia walianza kuletewa matangazo ya vifaa vya kusikia na viti vya magurudumu. Bi Rukia alidhani ndivyo imeli ilivyo.

Katikati ya Aprili hiyo Mama alishuka kutoka Rukanga na dada yangu Wakesho. Wakesho alikuwa amemaliza shule, alama zake nzuri za kuudhi, na alitaka uuguzi. Kulikuwa na chuo kimoja Uingereza kilichokubali kupokea maombi yake, na kumsomesha bure akipita, kwa sharti kwamba majibu watayatuma kwa imeli, mwezi wa nane. Ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo. Ada ya chuo cha hapa nyumbani tulishaiangalia tukaiacha ipite.

Nikamfungulia akaunti, anwani yake tukaipeleka chuoni. Neno la siri alichagua mwenyewe, akanifukuza nisione. Yaliyobaki nikayajaza mimi, haraka haraka, nikicheka peke yangu.

"Sasa hii," Mama akauliza, "ni kama boksi ya shule?"

Kijijini kwetu barua za watu wote huja kwa boksi ya shule ya msingi, hapa posta ya Voi. Zinakaa humo hadi mwalimu ashuke. Mvua ikikata barabara ya Kasigau zinakaa zaidi, na hakuna aliyewahi kuzitupa.

"Ni kama boksi ya shule, Mama. Tena hii haina kufuli ya kushika kutu."

Ndipo nikasema yale maneno niliyomwambia kila mteja, ya kwamba itangoja.

"Basi asiiguse mtu," Mama akasema. "Isije ikachafuka kabla ya siku yake."

Sasa lazima mmjue Mama. Ana vikombe vya maua kabatini, vilinunuliwa kabla sijazaliwa, na sijawahi kuviona vikiwa na chai. Kitu kizuri kwake hakitumiwi, kinatunzwa. Wakesho aliomba mara mbili ashuke Voi ajaribu kuandika barua hata moja, ajizoeze. Mama alikataa. "Hiyo ni ya chuo," alisema. "Utaanza kuandikiana na wavulana, siku ya chuo barua ikose nafasi." Nami nilikuwa nimerudi shuleni, nategea kengele ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeingia kwenye ile akaunti. Tuliitunza vizuri sana.

Mwezi wa nane wakaja wote wawili. Baba alibaki shambani akipiga debe la kufukuzia ndovu, maana mahindi ya mwisho yalikuwa bado yamesimama nao walikuwa wameshajua njia. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Wakesho alivaa gauni lake jeupe, kama kwamba wale Wazungu wangemwona. Bi Rukia akawapa benchi, akawaletea maji ya kunywa.

"Haya, Mama Wakesho, leo ndiyo siku. Mwadime, piga simu."

Mbuzi akalia, kikaango kikalia, kimya. Nikaandika jina.

"Neno la siri," nikamwambia Wakesho.

Alipeleka kidole kwenye herufi, akakirudisha.

"Da' Wakesho. Neno la siri. Dakika zinaenda."

"Nilichagua gumu," akasema polepole. "Ulisema nichague ambalo mtu hawezi kukisia."

"Na ulichagua lipi?"

"Si ndiyo nasema, mtu hawezi kukisia! Hata mimi!"

Alijaribu mawili, matatu. Yalikataa. Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi, kuna mlango wa nyuma: ukisahau, kampuni inakuuliza mambo yako, ukijibu sawa inakufungulia. Nilisema hivyo nikiwa nimejaa ujuzi. Kisha likaja swali la kwanza, tarehe ya kuzaliwa, na ujuzi wote ukanitoka miguuni.

Nikaandika ile ya 1901. Ikakataa.

"Kwa nini unaandika mwaka wa bibi yangu?" Wakesho akauliza.

"Ngoja."

Ndipo nikakumbuka. Dada yangu sikumzaa na wengine. Maisha yangu yote nimetumwa dukani na yule msichana kwa sababu ametangulia duniani, na siku ile nilipopata fomu mkononi nililipiza. Nilimfanya mdogo wangu. Nikaandika tarehe yangu mwenyewe ya kuzaliwa, nikaongeza siku moja. Ikakubali.

Mama alikuwa amesogea. Anasoma namba vizuri sana.

"Hiyo ni yako," akasema.

"Imezidi siku moja, Mama."

"Kwa hivyo nilikuzaa wewe leo, nikalala, kesho nikazaa dada yako?"

Bi Rukia alikohoa. Sikuthubutu kugeuka. Na bado kulikuwa na swali la pili, kwa sababu kampuni ilimwachia kila mtu atunge swali lake la siri na jibu lake. La Wakesho nililitunga mimi, kwa Kiswahili, na sasa lilikuwa linashuka kwenye kioo herufi kwa herufi. Nilitamani laini ikatike. Laini ya Voi, ambayo hukatika mtu akipiga chafya Maungu, siku hiyo ilisimama imara kama nguzo ya kanisa.

Mama akasoma kwa sauti, kidole hewani: "Nani, hukoroma, nyumbani, kama, trekta, ya mkonge?"

Duka zima liligeukia kioo. Hata mtu aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho aligeuza kichwa, akaharibu picha.

"Jibu," Mama akasema.

"Mama..."

"Simu ya watu inakula pesa. Jibu."

Nikaandika herufi nne. Mlango ukafunguka.

"Sikoromi," Mama akamwambia Bi Rukia.

"Hata kidogo, Mama Wakesho. Huyu hana haya tu."

Mnacheka. Mimi pia nilianza kucheka, kidogo, pembeni ya mdomo, kwa sababu nilidhani tumeshapita pabaya. Kisha nikasoma kilichokuwa mbele yangu. Kwa Kizungu cha adabu sana kampuni ilituambia kwamba akaunti hii haikuwa imetumiwa kwa muda, kwa hivyo ilifungwa. Barua zilizokuwamo zimefutwa, na zilizokuja baadaye zimerudishwa kwa waliozituma. Sasa imefunguliwa tena. Karibu. Chini yake pakavu, peupe, hakuna kitu.

Nilibonyeza kisanduku cha barua mara ya pili, halafu ya tatu.

"Iko wapi?" Mama akauliza.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia.

"Wamezitupa wapi?"

"Hazina mahali, Mama."

"Kila kilichotupwa kina mahali. Waulize."

"Mama, si takataka za kwenda kuchambua. Zimefutwa."

"Na ulisema itangoja."

Wakesho alikuwa ameshika pindo la gauni lake jeupe, analikunja na kulikunjua. Hakulia. Ningependa alie, au anipige. Aliuliza tu, "Kwa hivyo kama walinikubali, wameambiwa sipo?"

Bi Rukia ndiye aliyetusomea yale maelezo marefu, yote, mstari kwa mstari, yale niliyoyakubali kwa kidole kimoja. Akavua miwani.

"Si wezi hawa. Wamesema wazi hapa. Hulipi kitu, wewe ni mgeni. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lao ni hili tu: uonekane. Ukilala chumbani miezi usionekane, wanajua umekwenda zako, wanatoa virago vyako nje, kitanda wanampa mwingine. Hata jina lako, mngekawia zaidi, wangempa mtu mwingine."

"Hata jina?" Mama akashika kifua.

"Hata jina."

Tukaandika barua. Wakesho alisema, mimi nikapiga chapa, na nawaapia hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoiandika bila kuongeza neno langu hata moja. Ilisema akaunti ilikuwa imefungwa bila sisi kujua, kwamba yeye yupo, kwamba bado anataka, kwamba tafadhali kama walituma watume tena. Tuliisoma yote kabla ya kupiga simu. Ikaenda.

Halafu tukaanza kungoja, na kungoja kwa Mama si kwa kukaa. Alikataa kurudi Rukanga. Alilala kwa shangazi na kila asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Rukia kabla ya kufuli kutolewa.

"Imeamka?"

"Imeamka, Mama. Lakini hakuna kitu."

"Ingia tena. Isije ikasinzia."

Nilimwambia haisinzii kwa saa mbili. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Niliingia asubuhi, nikaingia mchana, nikaingia kabla ya kufunga. Bi Rukia aliacha kuniuliza dakika. Siku moja laini ilikufa tangu alfajiri. Watu walisema nguzo imeangushwa huko mbele, wengine ndovu, wengine lori. Mama alikaa kwenye benchi siku nzima akiitazama simu kama mtu anayetazama mgonjwa. Alasiri akaja mtu kutoka Rukanga na habari kwamba ndovu wameingia upande wa chini wa shamba, Baba hajambo, mahindi sehemu yameenda. Mama akamshukuru, akamwuliza kama ameona mafundi wa simu njiani.

Mimi usingizi ulinikataa. Nilikuwa na hesabu moja kichwani inazunguka: chuo kimeandika, barua imerudi, Mzungu mmoja ameshika kalamu, amekata jina la dada yangu. Kwa sababu yangu. Nilijaribu kutunga kichekesho juu yake, kama kawaida yangu. Hakikuja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa Bi Rukia alifunga kwa ajili ya swala, nasi tukakaa barazani, mimi, Mama na Wakesho. Aliporudi hakuvua hata buibui. "Piga," akasema. Mbuzi, kikaango, kimya. Na safari hii hapakuwa peupe. Palikuwa na mstari mmoja mweusi.

Wakesho alisoma mwenyewe. Alisoma kimya hadi mwisho, midomo ikitembea, na Mama akamshika bega kwa nguvu hata nikaona vidole vinazama.

"Sema!"

"Waliandika mara mbili," Wakesho akasema. "Zote zilirudi. Wakadhani sitaki tena. Nafasi ya mwezi ujao wamempa mwingine."

Mama akafumba macho.

"Lakini kuna darasa linaanza mwezi wa pili. Wananiwekea nafasi humo. Nikiitaka niwajibu kabla ya Jumatatu."

"Kabla ya Jumatatu ni leo!" Bi Rukia akapiga kelele. "Mjibu, mjibu, usikate laini! Leo andika humo humo!"

Akaivunja sheria yake mwenyewe. Wakesho aliniondoa kwenye kiti, akaketi, akaandika kwa vidole viwili, akatuma. Kisha akaweka kichwa juu ya ile meza akalia kwa sauti, na Bi Rukia akalia kidogo, na shangazi aliyekuwa amepita tu kutoka sokoni akalia bila kujua sababu. Mimi nikaona ulimwengu umerudi mahali pake. Nikapanua kifua. Nikasema, "Si niliwaambia itangoja? Ni kuchelewa tu," nikacheka, nikaangalia nani atacheka nami.

Mama hakucheka. Hakunipiga pia, ingawa nilikuwa nimesimama karibu na mkono wake. Alikuwa akiitazama ile kompyuta, halafu akanitazama mimi. Maneno yake nayaandika jinsi alivyoyatoa, bila kuongeza langu:

"Mwadime, na hao wengine uliowaambia barua itangoja, mama zao wamekaa wapi saa hii?"